Wifi Yangu Inshirahi na Siku ya Joto la Khesha

Ukimuuliza wifi yangu Inshirahi kama mvua inanyesha, na yeye amesimama mlangoni amelowa chapachapa, atakwambia ni umande tu. Miaka thelathini na ushei nimeishi naye ukuta kwa ukuta, wala sijamsikia akikiri jambo jema. Anakaanga bata, harufu inaruka ukuta mpaka mate yananijaa mdomoni, namuuliza, "Wifi, leo mnapika nini?" Ananijibu bila haya wala soni, "Dengu, wifi. Dengu za juzi." Na mimi namsikia bata akilia kwenye mafuta!

Mimba zake mbili za kwanza ziliharibika. Ya tatu ikakaa, akazaa mtoto wa kiume. Basi alimtoga sikio moja, akamvika gauni la kike, akamwita Shahata, yaani ombaomba, ili jicho la husuda likija kumtafuta mtoto wa kiume mzuri likose mtu. Jina hilo limemng'ang'ania hadi leo, na yeye ni mwanamume wa ndevu, ana karakana yake ya viti mjini Dumyat. Shahata alipofaulu mtihani wa mwisho wa shule, mama mtu alipita mtaa mzima anajifuta machozi, eti mtoto kafeli. Watu wakaja kumpa pole, wamebeba sukari. Tuliinywea chai mwezi mzima.

Sisemi sisi wengine hatuogopi jicho. Kijiji kizima kimechora viganja vya damu ya kafara juu ya milango, na hata trekta la kaka yangu Sabri lina kiatu cha mtoto kinaning'inia mbele. Lakini Inshirahi alipitiliza. Na katika macho yote aliyokuwa akiyaogopa hapa duniani, la kwanza lilikuwa langu mimi.

Nitawaambia kwa nini, ili msidhani nasingizia. Nina macho ya kijivu, nimemrithi bibi yangu. Nina mwanya, ambao kwetu nao ni dalili ya jicho. Sina mtoto. Mume wangu aliniacha kwa sababu hiyo ya mwisho, nikarudi kwenye nyumba ya baba yetu, nusu ya Sabri na mkewe, nusu yangu. Na juu ya hayo yote mimi ni mdadisi, sikatai. Nikiona kitu nataka kujua kinafanyaje kazi. Mtu akichimba kisima nitainama nichungulie. Kwa watu wetu, mwanamke wa macho ya kijivu, asiye na mtoto, anayechungulia visima, mnataka ushahidi gani tena? Lakini jicho langu lingekuwa na nguvu hizo wanazozisema, wallahi ningeanza na yule mume aliyeniacha, na yeye mpaka leo ni mzima, meno yote yapo, na kaoa mara mbili.

Kila Ijumaa kabla ya sala, Inshirahi alikuwa akikata karatasi umbo la mtu, anaichoma kwa sindano huku anataja majina, kisha anaitia motoni na ubani. Ukuta wetu ni wa matofali ya udongo, mwembamba, unasikia mtu akipiga mwayo upande wa pili. "Hili jicho la Atiyati," anasema, na sindano inatoboa karatasi. Atiyati ndiye mimi. Halafu ndiyo wanafuata mke wa kinyozi, na mama mwenye duka, na wengine. Mimi nakunywa chai yangu nasikiliza. Nilikuwa najiambia nimezoea.

Sasa nije kwa Khesha. Khesha ni ng'ombe, mweusi na mweupe, wa maziwa, na jina lake maana yake tambara la kupigia deki. Mnaelewa sasa ni nani aliyempa jina. Bibi wa bibi yake Khesha aliletwa nyumbani kwetu akiwa ndama, siku ya harusi ya Inshirahi, amefungwa utepe mwekundu. Mama yake ndiye aliyempa, na mama huyo akafariki kabla mwaka haujaisha. Kutoka kwa ndama yule akatoka binti, na binti wa binti, mpaka Khesha. Maziwa yao ndiyo yaliyomsomesha Shahata na kujenga ghorofa ya juu. Inshirahi hakuwa na picha ya mama yake wala nguo yake. Alikuwa na ng'ombe. Alfajiri nilikuwa namsikia anaongea naye anapomkamua, mambo ambayo hakuwa akimwambia hata mumewe.

Khesha akazaa madume matatu mfululizo, yote yakauzwa. Halafu akateleza ukingoni mwa mfereji, akavunjika nyonga. Daktari wa mifugo wa wilaya akasema anaweza kusimama, anaweza kula, anaweza kukamuliwa, ila mimba nyingine itamuua yeye na ndama wake. Kaka yangu Sabri si mtu mbaya, lakini ana hesabu za wakulima.

"Akikauka maziwa anakwenda kwa mchinjaji," alisema. "Namlisha majani mabichi ya barsimu bure ya nini?"

Inshirahi alikwenda zizini akakaa huko mpaka chakula kikapoa. Nilimwonea huruma, ila ningesema nini? Nikimsifu ng'ombe ni jicho, nikimpa pole ni kejeli.

Shahata ndiye aliyekuja na habari. Alikuwa akitengeneza makabati ya chuo kimoja cha mifugo, akamkuta huko daktari kijana, Daktari Hazimu, anayefanya kazi ya kutoa viinitete, yaani mimba changa za siku chache, kwa ng'ombe mmoja na kuvipandikiza kwa mwingine. Ng'ombe bora habebi mimba yeye; anatoa mbegu ya uzazi tu, na ng'ombe wa kawaida anambebea.

"Yaani yule ng'ombe wetu mwekundu wa kienyeji amzae mtoto wa Khesha?" nilimuuliza.

"Ndiyo, shangazi."

"Na atoke mweusi na mweupe?"

"Atoke kama Khesha mwenyewe."

Jamani! Sikulala vizuri siku hiyo kwa kutaka kuona. Sabri akakubali kwa sharti: mara moja. Daktari naye alikuwa na dawa za kutosha mara moja tu. Ikishindikana, mchinjaji.

Daktari Hazimu akaja Jumapili na gari dogo lenye vumbi. Kijana mrefu, ana miwani, anacheka kwa urahisi, anakula kila alichowekewa. Tukampenda hapo hapo. Akavaa glovu ya mpaka begani, akaingiza mkono nyuma ya Khesha, akafumba macho kama mtu anayetafuta ufunguo chini ya mto. Kisha akauliza, "Mama Shahata, ng'ombe alikuwa kwenye joto la kutaka dume siku gani?"

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, na ndoo ya maji mkononi. Inshirahi akanitazama, akamtazama daktari.

"Ijumaa ya juma lililopita," akasema.

"Si hii iliyopita juzi?"

"Ile ya kabla yake."

"Vizuri sana. Na maziwa anatoa kiasi gani?"

"Maziwa gani, daktari? Ya kutilia chai tu."

Nilikaribia kucheka ndani ya ndoo yangu. Msafirisha jibini huja kuchukua maziwa na madebe mawili kwa ajili ya ng'ombe huyo peke yake! Lakini nikafunga mdomo.

Daktari akatoa damu shingoni mwa Khesha, kichupa kidogo tu, na alipokuwa ananawa mikono mimi nikamwandama. Hii damu ya nini? Anaumwa?

"Haumwi, Bi Atiyati. Nataka kupima homoni." Aliona sikutosheka, akachukua maganda mawili ya maharage mabichi kwenye sinia langu. "Ovari ya ng'ombe ni kama hivi. Ndani yake kuna mayai mengi madogo. Ng'ombe akiwa kwenye joto, yai moja linakomaa, linatoka. Pale lilipotoka panabaki jeraha, na jeraha linajaa nyama ya manjano. Nyama hiyo ndiyo inayotoa homoni ya kulinda mimba."

"Hata kama hajapandwa? Hata kama mimba haipo?"

"Hata kama haipo. Inaandaa nyumba, inamngojea mgeni. Siku za mwanzo homoni ni kidogo, kwa sababu nyama ndiyo kwanza inaota. Baada ya wiki hivi inapanda juu. Mgeni asipokuja, nyama inasinyaa, homoni inashuka, ng'ombe anarudi kwenye joto."

"Na sindano zako wewe?"

"Kwa kawaida mayai kadhaa huanza kukua, moja linashinda, mengine yanakufa. Sindano zangu ni homoni nyingine, zinayaambia yote: kueni. Lakini lazima niyaite wakati ile homoni ya kulinda mimba iko juu. Nikiyaita ikiwa chini, yanakuja mabovu. Yanatoka lakini viinitete havina nguvu, au havipatikani kabisa."

"Kumbe ndani ya ng'ombe kuna serikali," nikasema.

"Tena yenye mawaziri wengi," akacheka. "Na ng'ombe wa maziwa mengi ana shida yake. Anakula sana, damu nyingi inapita kwenye ini, na ini linaisafisha homoni ile upesi kuliko inavyotengenezwa. Ndiyo maana wenye maziwa mengi wanasumbua kushika mimba. Huyu wenu kwa kuwa ana maziwa machache, hapo hatuna wasiwasi."

Nikamtazama Inshirahi. Alikuwa anakuna shingo ya ng'ombe, anaangalia mbali.

Sasa nisikilizeni. Siku hiyo hiyo jioni, nikiwa juu ya dari nageuza mikate ya jua, ile tunayoiumua juani juu ya paa, nikaanza kuhesabu, maana maneno ya daktari yalikuwa yanacheza kichwani. Ijumaa ile anayoisema Inshirahi, Khesha alikuwa amelala kimya anacheua. Namwona zizini kutoka juu ya dari kila siku. Siku aliyolia, akainua mkia, akatokwa na ute mweupe unaong'aa, na yule mwekundu akamwekea kidevu mgongoni, ilikuwa Alhamisi hii iliyopita tu, siku ya soko. Nilimwona kwa macho yangu haya haya ya kijivu. Nikasema labda daktari ana namna yake ya kujua. Nikasema pia, Atiyati, ukifungua kinywa utaulizwa ulikuwa unaangalia nini.

Jumatano daktari akarudi. Hakucheka. Tukampa chai, akaishika tu.

"Majibu yametoka," akasema. "Homoni iko chini sana. Kwa ng'ombe aliyekuwa kwenye joto tangu Ijumaa ile, ilitakiwa iwe imepanda. Hii ni kana kwamba ile nyama ya manjano haifanyi kazi. Hata nilipomshika niliisikia ndogo, laini, nikadhani mkono wangu umekosea."

"Maana yake nini?" akauliza Sabri.

"Maana yake uzazi wake umechoka. Nikimchoma sindano sasa nitapoteza dawa, na yeye nitamtesa bure. Samahani, Mama Shahata."

Sabri akavuta simu yake mfukoni, akasema, bila ukali, kwamba atampigia mchinjaji waelewane wiki ijayo. Na Inshirahi akageuza uso, akanitazama mimi.

Ule mtazamo nilikuwa naujua. Ulikuwa ni karatasi na sindano. Alikuwa anasema: umemmaliza. Ulisimama hapa na ndoo yako, ukamtazama, na sasa damu yake imekauka homoni. Damu yangu mimi ikachemka. Nilitaka kumwambia, wewe mwanamke, siku ya joto ni Alhamisi, ng'ombe wako mzima kama chuma, na mwongo ni wewe!

Daktari, naye ni mdadisi, hakuwa ameondoka. Aligeuza kikombe mkononi.

"Lakini inanisumbua," akasema. "Ng'ombe ana macho mazuri, ngozi nzuri, anakula. Mama Shahata, una hakika na ile Ijumaa?"

"Nina hakika."

"Hakika kabisa?"

Inshirahi akanitazama tena, haraka, kisha akainamisha uso. "Hakika, daktari."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nadhani amemdanganya daktari kwa mazoea yake tu, ulimi umeshazoea. Siyo. Angemwambia kweli. Alitaka kumwambia kweli, neno lilikuwa limemfika mdomoni. Asiyetakiwa kuisikia kweli ile nilikuwa mimi. Alimpa daktari Ijumaa ili jicho langu liende likaipige Ijumaa likute hakuna kitu, na Alhamisi ya Khesha ibaki salama. Na hata sasa, mchinjaji kwenye simu, ng'ombe wa mama yake anakwisha, hakuweza kuitaja siku hiyo mbele yangu.

Ningeweza kuitaja mimi. Lakini ningeitaja, angekana. Angekana mpaka siku ya kiyama, maana kuambiwa na Atiyati kwamba alimwona Khesha kwenye joto ilikuwa ni hakikisho kwamba jicho limeshaingia.

Basi nikaweka birika la chai chini. "Nakwenda kuangalia mkate wangu kwenye tanuri," nikasema kwa sauti, kila mtu asikie. Sabri akanishangaa, kwa sababu tanuri lilikuwa la baridi tangu juzi. Nikatoka, nikaufunga mlango kwa kishindo, nikasimama upande wangu wa ukuta.

Kuku wakachakura. Halafu nikamsikia, sauti ndogo kama ya mtoto aliyevunja sahani.

"Daktari. Haikuwa Ijumaa."

"Ilikuwa lini?"

"Alhamisi. Alhamisi ya soko."

"Siku tatu kabla sijaja?" Nikasikia kikombe kikiwekwa chini. "Siku tatu tu! Mama Shahata, basi homoni ilikuwa chini kwa sababu ndivyo inavyotakiwa kuwa! Hana ugonjwa wowote! Kwa nini ulinidanganya?"

"Sikukudanganya wewe," akasema Inshirahi. "Nilimdanganya aliyekuwa nyuma yako."

Niliumia. Nasema kweli, kuliko siku niliyopewa talaka. Kusikia jina langu kwenye karatasi ni kitu kimoja. Ni karatasi, inaungua, inakwisha. Lakini kujua kwamba mtu angemtoa ng'ombe wa mama yake achinjwe kuliko kusema neno moja la kweli nikiwa nimesimama hapo! Nilikaa chini kando ya tanuri nikalia kwa kwikwi, na wala sikujali kama wananisikia.

Kupitia ukuta nikasikia daktari akiuliza tena, "Na maziwa? Ni ya chai kweli?"

"Mengi," akasema wifi yangu. "Mengi sana, Mungu anisamehe."

Daktari akacheka mpaka akakohoa. Akamwambia Sabri arudishe simu mfukoni. Akaagiza Khesha apunguziwe majani yale mabichi, aongezwe nyasi kavu, asubiriwe mpaka wiki inayofuata, damu ipimwe upya. Damu ikapimwa. Homoni ilikuwa imepanda vizuri, japo si juu kama angelikuwa ng'ombe wa maziwa ya chai. Sindano zikaanza, asubuhi na jioni, siku nne, na yule mwekundu naye akachomwa zake ili joto la wawili hao liende pamoja. Khesha akaingia kwenye joto, akatiwa mbegu.

Haya yote nimeyajua kwa kuambiwa na Shahata. Mimi mwenyewe sikuwa naangalia. Nilihamisha mikate yangu upande wa pili wa dari, ambako huoni chochote ila shamba la watu na nguzo za umeme. Nikipita uwanjani nilipita naangalia miguu yangu. Nilijua sababu ya mambo yale yote, damu imeeleza wazi, daktari ameeleza wazi, hakuna jicho la mtu lililohusika. Lakini jamani, ukiambiwa jambo miaka thelathini linaingia. Nilianza kujiuliza kuhusu visima nilivyochungulia. Vingine vilikauka.

Siku ya kutoa viinitete daktari aliniita mwenyewe. Alisimama mlangoni kwangu na aproni yake ya plastiki. "Bi Atiyati, njoo uone kwenye darubini. Wewe si ndiye uliyeniuliza maswali yote yale?"

"Nina mkate kwenye tanuri," nikasema.

"Tanuri haliwaki."

"Litawaka."

Akaondoka. Mungu anajua nilivyotamani kuona. Nilisikia wakisuuza mfuko wa uzazi, maji yakitiririka kwenye mirija, Shahata akisema "subhanallah" mara kwa mara. Vilipatikana vitano vizuri. Kimoja kikawekwa kwa yule mwekundu, vingine vikaenda chuoni kwenye baridi yao ya kuhifadhia kama walivyopatana. Mke wa kinyozi akaja kuuliza, na Inshirahi akamjibu kwa sauti ya msiba, "Hakuna kitu, dada yangu. Tumepata hasara." Kidogo nicheke, nikiwa na hasira zangu vile vile.

Miezi tisa wifi yangu na mimi tulisalimiana kama wapangaji. Khesha alikauka maziwa, lakini Sabri hakumgusa; alimwona mwekundu anavyotuna, akawa anampelekea Khesha barsimu mwenyewe akidhani hatumwoni. Mimi sikuuliza chochote. Watu wakaanza kusema naumwa.

Mwekundu alizaa saa za alasiri, mwanzo wa baridi. Nilijua kwa kelele. Nikasikia daktari kwenye simu ya Shahata, nikasikia ndoo, nikasikia Sabri akipiga kelele "vuta, vuta," halafu kishindo laini kwenye majani makavu. Sikutoka. Kwetu ndama wa thamani haonyeshwi mtu mpaka siku ya saba, na mimi nilijua kwamba kwangu mimi hata siku ya sabini ingekuwa mapema.

Baadaye kidogo nikasikia mkasi ukikata karatasi. Haikuwa Ijumaa, lakini ndama wa namna hiyo hasubiri Ijumaa. Nikajikuta nimeacha kumenya vitunguu. Sindano ikatoboa.

"Hili jicho la mke wa kinyozi."

Nikangoja.

"Hili jicho la mama mwenye duka. Hili la msafirisha jibini. Hili la jirani wa mferejini, na mkwewe."

Akaendelea kijiji kizima, mpaka imamu nusura atajwe. Kisha nikanusa ubani. Alikuwa amemaliza. Nikasema moyoni, amesahau, kwa furaha mtu anasahau. Nikaanza tena kumenya vitunguu.

Mlango ukagongwa. Inshirahi alikuwa amesimama hapo, mikono ina damu mpaka kwenye kiwiko, kitambaa kimemwangukia mabegani. Hakunisalimia. Alinishika mkono akanivuta, na mimi nina kisu cha vitunguu, ikabidi nikitupe njiani. Tukavuka uwanja, tukaingia zizini. Harufu ya maziwa ya kwanza na majani yaliyolowa. Mimi nilipovuka kizingiti nilifumba macho. Sikufikiri, yalijifumba yenyewe, nikayabana mpaka yakauma.

"Ni jike," akasema Inshirahi, sikioni kwangu. "Amefanana na Khesha doa kwa doa. Mzuri, wifi. Mzuri, sijapata kuona."

Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

"Nimefurahi," nikasema. "Acha niende."

"Fumbua macho."

"Inshirahi, usinitanie. Nikimwangalia halafu ndama akaharisha kesho?"

"Ataharisha. Ndama wote huharisha. Nitamwita daktari." Akaushika uso wangu kwa mikono yake ile yenye damu, mashavu yote mawili. "Umekaa miezi tisa unaangalia nguzo za umeme kwa ajili ya ng'ombe wangu. Unadhani sikukuona? Nilikuwa nakuangalia kila siku. Fumbua macho, mtazame."

Nikafumbua. Alikuwa amelala kwenye majani, mweusi, paji la uso jeupe, masikio yamelowa, na yule mwekundu anamlamba kwa nguvu mpaka kichwa kinayumba. Nyuma ya ubao Khesha alikuwa amesimama kwa nyonga yake mbovu, amenyoosha shingo. Nikatazama kwato, nikatazama pua, nikatazama kitovu kinachoning'inia. Nikasema mashallah, nikasema tena, na tena, machozi yananitiririka, mpaka wifi yangu akaniambia, "Basi, keshasikia. Sasa niambie tumwite nani."

"Si utampa jina bovu? Gunia, au Jivu?"

"Mpe wewe jina," akasema. "Zuri."